Chumvi ya Kivu: amani inapimwaje?

Mashariki mwa Kongo, watu waliokwisha kuhojiwa na watafiti walipewa chumvi kama shukrani. Kisha wakaulizwa kama wangependa kuwamegea watu wa kundi wasilolipenda. Swali lenyewe dogo, lakini chumvi kijijini ni mali, na anayeitoa anapungukiwa kweli.

Walikuwa wamesikiliza mchezo wa redio wa kuhimiza maelewano kwa mwaka mzima. Katika baadhi ya maeneo, mchezo ulifuatiwa na kipindi cha mjadala kilichowataka wasikilizaji wazungumzie tofauti zao. Sisi tunaofundisha usuluhishi tungeapa kwamba mjadala utasaidia. Matokeo aliyoyachapisha mwanasaikolojia Elizabeth Levy Paluck mwaka 2010 yalitukata maini: waliopata mjadala walizungumza zaidi, ila manung'uniko yao yalizidi, uvumilivu ukapungua, na mkono ukawa mzito kwenye chumvi. Naamini kidonda kilifunuliwa pasipo mganga karibu. Lakini bila maeneo ya kulinganisha, kipindi kile kingesifiwa na kupelekwa kwingine.

Mtafiti huyohuyo alikuwa ameanzia Rwanda, ambako mwaka 1994 redio ilitumika kuchochea mauaji ya kimbari. Miaka kumi baadaye ulianza kurushwa mchezo wa maridhiano uitwao Musekeweya. Vikundi vingine vilisikiliza huo, vingine mchezo wa afya kuhusu UKIMWI. Mwaka ulipokwisha, imani za watu moyoni zilikuwa karibu palepale. Kilichobadilika ni walivyoona jamii inatarajia nini kwao: kuaminiana, kusema wazi wasipokubaliana, kutowakataza watoto kuoa au kuolewa nje ya kundi lao. Kila kikundi kikaachiwa redio na kanda zake. Wale wa afya walimkabidhi kiongozi wa eneo, basi. Wale wa maridhiano walibishana, wakapingana hadharani, mwishowe wakakubaliana kuitunza wote kwa pamoja. Ubishi ule wa redio moja ulinifundisha mengi kuliko dodoso.

Ndiyo maana katika taasisi yetu, ripoti ya mradi wa amani ikija, idadi ya waliohudhuria semina tunaipita haraka. Tunauliza baada ya semina nani alimwazima nani jembe, nani alivuka kwenda msibani upande wa pili, na ilikuwaje katika kijiji jirani ambacho semina haikufika.