Mwananchi Akipewa Taarifa, Je, Huduma Huboreka? Ushahidi kutoka Uganda

Ofisi nyingi za umma katika Afrika Mashariki zimebandika ukutani mkataba wa huduma kwa mteja na kuweka sanduku la maoni mlangoni. Hatua hizo zinatokana na imani kwamba mwananchi akijua anachostahili atakidai, na mtumishi akijua kuwa anaangaliwa atajirekebisha. Wanazuoni wameipima imani hiyo kwa miaka mingi, hasa nchini Uganda, na majibu waliyoyapata yanatofautiana kiasi kwamba kila anayepanga kuboresha huduma anapaswa kuyasoma yote, badala ya kuchukua lile linalompendeza.

Utafiti uliofungua mjadala ulifanywa na wachumi Ritva Reinikka na Jakob Svensson, ambao walifuatilia ruzuku ya serikali kuu kwa shule za msingi kati ya mwaka 1991 na 1995. Waligundua kwamba, kwa wastani, ni asilimia 13 tu ya fedha hizo iliyofika shuleni, huku shule nyingi zikiwa hazikupata chochote. Serikali ilianza kutangaza magazetini kiasi kinachotumwa kila wilaya, na kufikia mwaka 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa ikifika. Sifa zilimiminiwa magazeti, ingawa mtafiti Paul Hubbard alikumbusha baadaye kwamba katika miaka hiyohiyo Uganda ilifanya mageuzi mengine ya fedha na elimu, kwa hiyo si haki kuyapa magazeti peke yake ushindi wote.

Uzito mkubwa zaidi uko katika tafiti za afya. Mwaka 2009 Martina Björkman na Svensson walichapisha matokeo ya jaribio lililohusisha vituo 50 vya afya vijijini katika wilaya tisa. Vituo viligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Katika kundi la kwanza, wanakijiji walipewa takwimu za kituo chao wenyewe, yaani mgonjwa husubiri muda gani, watumishi wangapi hawaonekani kazini, na kituo kinajilinganishaje na vingine. Kisha wakakutana wao kwa wao, watumishi nao wakakutana peke yao, na mwishowe pande zote mbili zikakaa pamoja na kukubaliana nani atafanya nini. Baada ya mwaka mmoja, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano katika maeneo hayo vilikuwa pungufu kwa takriban theluthi moja vikilinganishwa na vya kundi la pili, ambalo halikupata takwimu wala mikutano hiyo, na matumizi ya huduma kwa wagonjwa wa nje yalikuwa juu kwa asilimia 20.

Ni matokeo makubwa kwa gharama ya mikutano tu, na kwa sababu hiyohiyo yalihitaji kurudiwa. Watafiti watatu, Pia Raffler, Daniel Posner na Doug Parkerson, waliyarudia nchini humo humo, safari hii kwa vituo 376 katika wilaya 16. Waliona nafuu kiasi katika namna wagonjwa wanavyotibiwa na wanavyoridhika, lakini idadi ya wanaokwenda kituoni haikuongezeka wala vifo vya watoto havikupungua kwa sababu ya mikutano hiyo. Tofauti hii haina maana kwamba utafiti wa kwanza ulidanganya. Katika miaka iliyopita kati ya tafiti hizo mbili vifo vya watoto nchini Uganda vilikuwa vimeshuka sana, na sampuli ya vituo 50 ni ndogo, kwa hiyo makadirio yake huyumba kwa urahisi. Nchini Kenya pia, wazazi walioelezwa alama za watoto wao katika mitihani ya Uwezo, mpango unaopima stadi za watoto za kusoma na kuhesabu, hawakubadilisha mwenendo wao kwa kiwango cha kuonekana.

Kwa maoni yangu, jambo la kuzingatia zaidi ni aina ya mabadiliko yaliyoonekana hata katika utafiti mkubwa. Namna ya kumpokea na kumtibu mgonjwa imo mikononi mwa muuguzi aliyehudhuria mkutano. Mgawo wa dawa, idadi ya watumishi na mishahara yao haimo mikononi mwake, na shinikizo la wanakijiji, hata likiwa kali namna gani, haliwezi kumfanya atoe asichonacho. Wanaoamua mambo hayo wako wilayani na wizarani, na mara nyingi viti vyao katika mikutano ya aina hii huwa vitupu.

Kwa hiyo, halmashauri au taasisi inayotaka kutumia kadi za tathmini ya jamii, yaani takwimu za kituo zinazojadiliwa na wanakijiji na watumishi kama ilivyofanyika Uganda, haina budi kuanza kwa kutenganisha malalamiko ambayo kituo chenyewe kinaweza kuyatatua na yale yanayohitaji uamuzi wa ngazi ya juu. Ya kundi la kwanza yaandikiwe ahadi, mhusika na tarehe. Ya kundi la pili yajadiliwe mbele ya afisa mwenye mamlaka ya bajeti, ambaye naye ataandikiwa ahadi na tarehe yake kama muuguzi alivyoandikiwa. Vituo vitakavyoanza vichaguliwe kwa bahati nasibu ya wazi, na vinavyosubiri zamu vipimwe sambamba navyo, ili baada ya mwaka ijulikane kama mabadiliko yametokana na mikutano au yangetokea hata bila hiyo.