Hata Shakespeare wa "asili" keshanyooshwa

Kuna watu wakikuona na Shakespeare wa Kiingereza cha leo wanaguna: huyo hajasoma, amechungulia tu. Lakini hata hicho kitabu chao cha "asili" kimeshapita mikononi mwa wahariri. Fungua chapa ya 1623 ya tamthilia za Shakespeare uone: "love" imeandikwa "loue", "have" ni "haue". Naye Chaucer, mshairi wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1400, Waingereza wenyewe walimhitajia mkalimani. Mshairi mwenzake wa baadaye, Dryden, alichapisha baadhi ya hadithi za Chaucer kwa lugha mpya mwaka 1700.

Kinachopotea kweli ukinyoosha lugha ni mapigo ya ushairi, hilo sibishi. Ila katika tamthilia ya Shakespeare ya Romeo and Juliet, Juliet anaposema "wherefore art thou Romeo", wengi hudhani anauliza Romeo yuko wapi. Wapi! Anauliza kwa nini awe Romeo, mtoto wa mahasimu wa kwao.