Kwa nini kikohozi hakikati neno?

Kwa miaka mingi niliamini, tena nikabishana na watu, kwamba sikio ni kinasa sauti. Mtu akikohoa katikati ya hotuba, kipande cha neno kinapotea, wewe unabaki na tundu, kisha akili inakuja na kiraka. Sikio kwanza, akili baadaye, kama fundi anayeitwa bomba likishapasuka. Maelezo haya yanaingia akilini vizuri sana, na hapo ndipo ubaya wake ulipo, kwa sababu yanabashiri jambo ambalo halitokei. Yanabashiri kwamba msikilizaji atajua tundu liko wapi.

Mwaka 1970 Richard Warren, mtafiti wa usikivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Milwaukee, Marekani, alichapisha jaribio fupi katika jarida la Science. Alirekodi sentensi ya Kiingereza yenye neno legislatures, yaani mabunge. Akaikata ile "s" ya kwanza kwenye utepe pamoja na kingo za sauti zilizopakana nayo, jumla milisekunde 120, na mahali pake akabandika kikohozi. Wasikilizaji 20 walipewa sentensi ileile kwenye karatasi, wazungushie duara pale kikohozi kilipotokea na waseme kama kuna sauti iliyofutika. Watu 19 walisema sauti zote zipo. Wa ishirini alisema ipo iliyokosekana, akataja isiyo yenyewe. Na duara? Hakuna hata mmoja aliyelitia mahali sahihi.

Yaani hawakukisia "s". Waliisikia, na kikohozi kikawa kinaelea pembeni kama nzi asiyejulikana ametua wapi.

Sasa ondoa kikohozi, acha kimya kitupu cha urefu uleule. Nilidhani mambo yangekuwa mepesi zaidi, kwani kelele imeondoka. Kumbe tundu linaonekana mara moja na neno linasikika limekatika. Kelele ndiyo iliyokuwa inasaidia.

Fikiria ng'ombe amesimama nyuma ya mbuyu. Unaona kichwa upande huu na mkia upande ule. Hakuna anayepiga kelele kwamba ng'ombe amekatwa vipande viwili. Mbuyu unatosha kueleza kwa nini tumbo halionekani. Ondoa mbuyu, acha kichwa na mkia vikiwa vimeachana hewani, na utakimbia. Ubongo unaosikiliza unafanya hesabu hiyohiyo: je, kelele hii ingeweza kuificha sauti ninayoitarajia? Ikiwa ni kubwa vya kutosha na ina masafa (kasi ya mitetemo inayofanya sauti iwe nene au nyembamba) yanayofanana na ya sauti hiyo, basi sauti ilikuwepo, imefichwa tu. Mbuyu mwembamba kama fimbo haumfichi ng'ombe, na mlio mwembamba wa filimbi haufichi "s". Kimya ndicho kabisa hakifichi kitu.

Kuna pingamizi la haki hapa: huenda watu wanasema tu wamesikia. Mwanasaikolojia Arthur Samuel alilishughulikia mwaka 1981 kwa kutengeneza matoleo mawili ya neno, moja kelele ikiwa juu ya sauti iliyopo, jingine kelele ikiwa badala yake. Watu walipata shida kuyatofautisha, hasa neno lilipokuwa la kweli na si la kubuni.

Ubongo wenyewe ulichunguliwa baadaye. Mwaka 2016 Matthew Leonard, Edward Chang na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walitumia elektrodi, yaani vipande vidogo vinavyonasa umeme wa ubongo, zilizokuwa tayari zimewekwa juu ya ubongo wa wagonjwa watano wa kifafa kwa ajili ya matibabu. Waliwasikilizisha neno la Kiingereza ambalo kelele katikati yake iliacha wazi liwe faster au factor. Sehemu ya ubongo inayochambua matamshi iliitika kana kwamba sauti ambayo mtu alidhani ameisikia ilikuwepo kweli. Cha ajabu zaidi, shughuli ya sehemu ya mbele ya ubongo ilidokeza mtu angesikia neno lipi kabla ubongo haujaanza kuijaza sauti iliyokosekana. Ni watu watano tu, tena wagonjwa, kwa hiyo twende polepole.

Polepole zaidi kwa dai la Warren kwamba hata neno linalokuja baadaye huamua ulichosikia mwanzo. Chukua Kiswahili, mfano wangu wa mezani, si jaribio: mtu anakohoa, unasikia "…ti", kisha "kimeanguka". Kiti. Angesema "umeanguka", ungekuwa mti. Je, ulisikia "ki" pale pale, au ulingoja kiambishi ndipo ukaamua ulikuwa umeisikia? Mimi ningeapa niliisikia mwanzoni, kama walivyoapa wale 19.