Asilimia ya ufanano si kipimo cha wizi
Wanafunzi wengi wa vyuo hapa Mtwara wanaamini kwamba ripoti ya Turnitin, programu ya kukagua ufanano wa maandishi, ikisoma asilimia 30, basi wameiba asilimia 30 ya kazi. Ikishuka hadi 5, wamesalimika. Sivyo. Programu ile hulinganisha maandishi yako na yaliyomo kwenye hifadhi yake, basi. Kuamua kama ni wizi ni kazi ya mhadhiri.

Chukua tasnifu ya korosho. Orodha ya marejeo, jina refu la kituo cha utafiti cha Naliendele, nukuu iliyofungwa vizuri kwa alama zake: vyote vinaweza kupakwa rangi na programu kuonyesha vimefanana na maandishi mengine, na hakuna kosa. Mwingine anachota aya nzima kuhusu ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, anageuza "wakulima hupulizia salfa" kuwa "salfa hupuliziwa na wakulima", na mwandishi hamtaji. Asilimia inashuka, wizi uko palepale. Hili linaniuma sana, kwa sababu vijana wenye akili wanakesha wakibadili maneno badala ya kuelewa walichosoma.

Soma, funga kitabu, andika ulivyoelewa, kisha taja chanzo hata kama hakuna sentensi iliyofanana. Na ripoti ikitoka, fungua kila kipande chenye rangi uone kimetoka wapi kabla ya kuhangaikia namba.