Si sisimizi wanaokunja majani ya mwaridi

Hapa Mtwara wengi tunaamini sisimizi wakipanda mwaridi ndio wanaokunja majani na kudumaza vichomozo, basi tunamwaga majivu shinani. Ni rahisi kuamini hivyo, maana wao ndio wanaoonekana.

Ila sisimizi hufuata utamu. Vidukari, wadudu wadogo wa mimea, hufyonza utomvu na kutoa majimaji matamu. Sisimizi huyanywa na kuwalinda. Geuza jani changa: ukikuta vijidudu laini vya kijani vimerundikana, na vidole vinanata, umempata mhusika.

Dawa yao: changanya kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita 1 ya maji; jaribu jani moja kwanza, kesho yake jioni nyunyiza upande wa chini wa majani. Huua mdudu inayemgusa tu, hivyo rudia.

Ila majimoto, wale sisimizi wa mikoroshoni wanaojenga viota vya majani, tafadhali, waacheni: huwawinda mbu wa mikorosho, wadudu wanaofyonza machipukizi ya mikorosho.