Kinachotuvuta kwenye mtandao wa giza: yasemwayo na yaliyo kweli

Video zinazosimulia mtandao wa giza karibu zote huanza kwa sauti nzito na onyo: usiangalie ukiwa peke yako usiku. Onyo hilo ndilo tangazo lenyewe. Anayelisikia hazimi simu, anaongeza sauti. Mengi tunayoyaamini kuhusu pembe hii ya intaneti yamezaliwa na mvuto huo, si na yaliyomo ndani yake.

Kwa ufupi, mtandao wa giza ni tovuti ambazo kivinjari cha kawaida hakizifikii. Zinazojulikana zaidi ni za Tor, mfumo unaoficha nani anawasiliana na nani. Anwani zake huishia na .onion, na siku hizi ni mfululizo wa herufi na tarakimu 56 ambao hakuna anayeweza kuukariri. Wazo la kuufunika ujumbe kwa tabaka juu ya tabaka na kuupitisha kwenye kompyuta kadhaa, ili kila moja isijue safari nzima, lilianza katikati ya miaka ya 1990 kwenye maabara ya utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani. Hakuna jini humo. Ni hesabu tu.

"Anayevutiwa na mambo hayo ana kasoro kichwani"

Hii ndiyo dhana inayowaumiza watu zaidi, hasa vijana wanaoshikwa na wazazi wao wakitafuta habari za Tor. Wahenga walishasema mchungulia bahari si msafiri, na wanasaikolojia wamefikia karibu na hapo kwa njia yao.

Mwaka 2016 watafiti wawili walioko Marekani, Christopher Hsee na Bowen Ruan, walichapisha majaribio ambayo ningependa kila mzazi ayajue. Wanafunzi waliachwa wakisubiri chumbani, na mbele yao kulikuwa na kalamu za kubonyeza. Waliambiwa kwamba baadhi ya kalamu hizo zina betri na humrusha anayezibonyeza kwa shoti ndogo ya umeme. Kundi moja lilipewa kalamu zenye alama za wazi: nyekundu zina shoti, kijani hazina. Kundi jingine lilipewa za njano tu, ambazo huenda zina shoti na huenda hazina. Hakuna aliyewatuma kubonyeza, wala aliyewaahidi chochote. Waliopewa za njano ndio waliobonyeza zaidi, tena kwa tofauti kubwa. Walikubali maumivu ili wajue tu.

Hawa hawakuwa wagonjwa wala wahalifu, walikuwa wanafunzi wa chuo kama hao unaopanda nao daladala. Mtafiti George Loewenstein alishaeleza mwaka 1994 kwamba udadisi huwaka pale mtu anapogundua pengo kati ya anachokijua na anachotaka kukijua. Asiyejua kitu kabisa hasumbuki. Anayesumbuka ni aliyeambiwa nusu. Na mtandao wa giza siku zote husimuliwa nusu. Msimulizi hukatiza akisema "siwezi kuonyesha zaidi ya hapa", nawe unabaki na kalamu ya njano mkononi.

Huko Amsterdam, Suzanne Oosterwijk alichapisha mwaka 2017 utafiti ambamo watu walipewa nafasi ya kuchagua picha za kutazama. Mara nyingi walichagua zenye matukio ya vifo au ukatili kati ya watu, ingawa za kawaida zilikuwepo. Maelezo ninayoyaona yana uzito ni kwamba jambo baya lina habari nyingi: ukilitazama ukiwa mahali salama, unajifunza hatari bila kuilipia. Ndiyo maana ajali barabarani hujaza watu.

Watu hawalingani, bila shaka. Mwanasaikolojia Marvin Zuckerman alianza miaka ya 1960 kupima kiu ya msisimko, na kiu hiyo kwa kawaida hupanda katika ujana na kushuka kadiri umri unavyosonga. Lakini nisieleweke vibaya: anayetafuta picha za watoto wanaodhalilishwa si mdadisi, na hakuna nadharia ya udadisi inayomtetea.

"Dawa ni kumtisha na kumkataza"

Mwanasaikolojia Jack Brehm aliandika mwaka 1966 kwamba mtu akihisi uhuru wake wa kuchagua unaondolewa, kile alichokatazwa hupanda thamani machoni pake. Kijana anayeelezwa kwa utulivu jinsi Tor inavyofanya kazi, polepole yake, viungo vyake vingi vilivyokufa na maduka yake ya kitapeli, huchoshwa haraka. Kuchoshwa huku ni ulinzi mzuri kuliko fimbo.

"Kuna vyumba vyekundu ambako watu huteswa mubashara mbele ya wanaolipa"

Hadithi hii ndiyo mfalme wa hadithi zote za huko. Mpaka sasa hakuna chumba chekundu hata kimoja kilichothibitishwa na polisi au watafiti kuwa kilifanya kazi kama kinavyosimuliwa. Kuna sababu ya kiufundi pia: mawasiliano kati ya mtumiaji na tovuti ya siri ya Tor hupita kwenye vituo sita hivi, na mwendo huo wa kuzunguka hauifai video safi ya mubashara. Kilichopo ni kurasa zinazodai kiingilio kwa bitcoin, sarafu ya kidijitali, kisha kimya.

Ukiwasikiliza wasimulizi, hakuna aliyeona. Aliyeona ni rafiki wa binamu yake. Waliokuwa Unguja na Pemba mwaka 1995 wanaujua mtindo huo, kwani Popobawa naye alisambaa hivyo hivyo, familia zikalala nje kwa makundi kwa kumwogopa mgeni ambaye kila mtu alimjua kupitia mwingine. Hofu ilikuwa ya kweli kabisa, hata pale ambapo hakukuwa na cha kuonyesha.

Wauaji wa kukodi ni tawi la hadithi hiyo hiyo. Tovuti iliyojiita Besa Mafia ilikusanya bitcoin za watu waliotaka wenzao wauawe, na haikumuua mtu yeyote, ulikuwa utapeli. Ila ombi la mteja ni la kweli hata kama muuaji ni wa uongo. Mwanamume mmoja wa jimbo la Minnesota alilipa maelfu ya dola, akaona kimya, na mwaka 2016 mkewe akauawa. Muuaji hakuwa mtu wa mtandaoni bali yeye mume, na mwaka 2018 alihukumiwa kifungo cha maisha. Kwangu mimi hapo ndipo penye kutisha, na hapahitaji chumba chekundu.

"Ni sehemu kubwa ya intaneti iliyofichwa chini"

Ile picha ya mlima wa barafu, inayouchora mtandao wa giza kama sehemu kubwa iliyozama majini, imechanganya mambo mawili. Makadirio ya mtafiti Michael Bergman ya mwaka 2001, kwamba yasiyoonekana na injini za utafutaji ni mara 400 hadi 550 ya yanayoonekana, yalihusu hifadhidata. Barua pepe yako na salio lako la benki vimo katika fungu hilo. Mtandao wa giza ni kipande kidogo sana, na hata wengi wa watumiaji wa Tor huitumia kufungua tovuti za kawaida. Facebook ina anwani ya .onion tangu 2014, nayo BBC ilifungua yake 2019 kwa ajili ya wasomaji walioko kwenye nchi zinazoizuia.

"Ukiwa huko huonekani"

Ross Ulbricht, mwanzilishi wa Silk Road, soko la giza la dawa za kulevya, aliamini hivyo. Alikamatwa Oktoba 2013 akiwa maktaba ya umma San Francisco, kompyuta yake ikiwa wazi, na moja ya nyayo zilizomfichua ni anwani ya barua pepe yenye jina lake aliyoiandika hadharani miaka miwili nyuma. Mwaka 2017 polisi wa Uholanzi waliliendesha kimyakimya soko jingine la giza, Hansa, kwa takriban mwezi mzima. Soko kubwa la AlphaBay lilipozimwa katikati ya kipindi hicho, wafanyabiashara wake walikimbilia Hansa, mikononi mwa polisi. Na wanaodhani kwamba picha za watoto wanaodhalilishwa hazina wa kuzifuatilia wakumbuke tovuti ya picha hizo iliyoendeshwa kutoka Korea Kusini: hadi Oktoba 2019 watumiaji 337 walikuwa wamekamatwa katika nchi 38, wengi kwa kufuatiliwa malipo yao ya bitcoin.

"Hatari inayonisubiri iko huko"

Akili hukuza hatari iliyo ngeni na kuidharau iliyozoeleka. Ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" hauhitaji Tor. Unakuja kwa meseji ya kawaida, mchana kweupe, na umewamaliza watu wengi. Hata taarifa za watu zinazouzwa kwenye masoko ya giza hazikuibwa humo. Ziliibwa kwanza kwenye tovuti na simu za kila siku, mara nyingi kwa sababu nywila ile ile ilifungua barua pepe, Facebook na akaunti ya duka la mtandaoni ambalo mwenyewe alishalisahau.