Kocha au wachezaji? Tazama ubingwa wa Simba na Yanga

Kocha akitimuliwa tu, mjadala unaanza upya: tatizo lilikuwa mwalimu au wachezaji? Kazi yangu ni ya benchi la ufundi, hasa kuchambua mechi kwa video, na jibu langu nalitoa bila kumung'unya maneno. Ubingwa wa ligi yetu unachukuliwa na wachezaji. Kazi ya kocha unaiona timu inapokutana na iliyoizidi uwezo, na zaidi ikiwa ugenini.

Chukua Simba. Walibeba ligi mara nne mfululizo, kuanzia 2017/18 hadi 2020/21. Sasa hesabu waliopita kwenye benchi. Joseph Omog alianza, Masoud Djuma akashikilia, Pierre Lechantre akaja kabla msimu haujaisha. Patrick Aussems akabeba uliofuata, akaondoka Novemba 2019. Sven Vandenbroeck akaendeleza mpaka ubingwa, kisha naye akaaga Januari 2021, na Didier Gomes akamalizia wa nne. Kila mmoja alikuja na mbinu zake, lakini ukisoma kikosi unakutana na majina yale yale: Aishi Manula golini, Shomari Kapombe na Mohamed Hussein 'Tshabalala' pembeni, Jonas Mkude katikati, John Bocco mbele. Mwaka 2018 wakaongezeka Meddie Kagere, aliyekuwa mfungaji bora misimu miwili mfululizo, na Clatous Chama.

Agosti 2021 Chama akaenda RS Berkane na Luis Miquissone akaenda Al Ahly. Msimu huo huo ubingwa ukahamia Jangwani, yaliko makao ya Yanga, nao waliubeba bila kupoteza mechi hata moja.

Kuanzia hapo hadithi ikajirudia kwa jezi za kijani na njano. Nasreddine Nabi alichukua ligi mbili akaondoka. Miguel Gamondi akachukua ya 2023/24, ingawa Fiston Mayele alikuwa ameuzwa Pyramids na Feisal Salum amehamia Azam, kwa sababu pengo lao lilizibwa kwa usajili wa maana: Pacome Zouzoua na Maxi Nzengeli waliingia, na Stephane Aziz Ki akafunga mabao 21 ya ligi. Novemba 2024 Gamondi akafungashiwa virago baada ya kufungwa na Azam na Tabora United mfululizo. Akaja Sead Ramovic, akaondoka Februari. Akaja Miloud Hamdi. Msimu mmoja makocha watatu, na kombe halikutoka Jangwani.

Sababu yenyewe haina siri. Ligi yetu ina timu 16 na mechi 30, na katika nyingi ya mechi hizo Simba na Yanga wanakutana na mpinzani aliyepaki basi. Watu tisa nyuma ya mpira, uwanja mwingine nyasi hazilingani, dakika zinayoyoma. Hapo kocha anaweza kupanga nani atanue uwanja na nani aingie kwenye boksi, ila pasi inayopita katikati ya mabeki wawili waliobanana inatoka kwenye kichwa na mguu wa mtu. Machi 16, 2019, Simba na AS Vita ya Kinshasa walikuwa 1-1 kwenye Uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam, na Simba ilihitaji ushindi ili iingie robo fainali ya Ligi ya Mabingwa. Dakika ya 90 Chama akafunga. Hakuna ubao wa mbinu unaozalisha utulivu wa namna ile, unausajili.

Lakini msimu ule ule, Simba hiyo hiyo yenye Chama na Kagere ilikuwa imefungwa 5-0 Kinshasa na 5-0 Misri. Vipaji havikubaki Dar es Salaam. Ilichokosa timu ni namna ya kuishi bila mpira, na huu ndio upande ninaoupenda kuliko wote katika kazi hii, kwa sababu unafundishika.

Mazoezini tunaweka koni, tunacheza kumi dhidi ya kumi na moja. Mpira ukienda upande wa kulia, beki wa kushoto anatakiwa asogee ndani mpaka usawa wa nguzo ya mbali ya goli. Kiungo wa mbele yake anasogea naye. Nafasi kati ya mstari wa mabeki na mstari wa viungo isizidi mita kumi au kumi na mbili. Ikizidi, namba kumi wa mpinzani, yaani kiungo mshambuliaji, anageuka na mpira akiangalia goli, na hapo umekwisha. Mchezaji akichelewa hatua mbili unasimamisha zoezi, mnarudia. Linachosha na halina burudani, wala hakuna mwenye kipaji anayezaliwa nalo.

Msimu wa 2022/23 Yanga ya Nabi ilishinda Tunis dhidi ya Club Africain, Lubumbashi dhidi ya TP Mazembe, Nigeria dhidi ya Rivers United, Afrika Kusini dhidi ya Marumo Gallants, na Algiers dhidi ya USM Alger kwenye mchezo wa pili wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Jumla ya mabao ikawa sawa, lakini kombe walilikosa kwa sheria ya bao la ugenini, inayompa ushindi aliyefunga mengi ugenini, kwa kuwa walikuwa wamelala 2-1 nyumbani. Mayele alikuwa moto, sibishi. Ila straika peke yake hakupi ushindi wa ugenini katika nchi tano.

Mfano ninaouheshimu zaidi uko Nairobi. Kwenye CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wanaocheza ligi za nchini mwao, Agosti 2025, Benni McCarthy, kocha wa timu ya taifa ya Kenya, Harambee Stars, hakuwa na dirisha la usajili. Alikuwa na wachezaji wa ndani tu, wale wale ambao Wakenya wenyewe walikuwa hawawapi nafasi, na kundi lilikuwa na Morocco, DR Congo, Angola na Zambia. Dhidi ya Morocco pale Kasarani, Ryan Ogam alifunga kabla ya mapumziko, Chrispine Erambo akalambwa kadi nyekundu, na Harambee Stars wakacheza kipindi chote cha pili wakiwa kumi. Iliisha 1-0. Morocco walikuja kulitwaa kombe, na Kenya ndiyo timu pekee iliyowafunga.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa viongozi haufanani. Simba na Yanga wakipoteza mechi mbili za ligi, wakague kwanza nani ana majeraha na nani ameuzwa, kabla ya kumgusa mwalimu. Klabu ya katikati ya msimamo yenye fedha za kufanya jambo moja tu isikimbilie straika wa kigeni. Itafute kocha anayejua kupanga ulinzi, impe maandalizi kamili ya msimu, na imwachie timu misimu miwili.